Neno "Mtumiaji" Lilipokatika Mbooni

Nyinyi mnaojifunza kutengeneza programu za simu mliniomba niwasimulie kazi yetu, nami nikakubali kabla ya kufikiri, jambo ambalo si kawaida yangu. Tangu nilipostaafu na kurudi Kanyangi kulima ndengu, nimeyapanga maelezo haya kichwani mara nyingi. Nimeanza na historia ya mtandao, nikaifuta. Nimeanza na sheria, nikazifuta pia. Sasa nimeamua kuanza na neno moja lenye herufi nane. Neno hilo lilikaribia kuifunga kazi yetu msimu wa parachichi ukiwa mlangoni, na hadi leo nikiliona limeandikwa ukutani mwa ofisi, moyo wangu hushtuka kidogo kabla haujatulia. Neno lenyewe ni "mtumiaji".

Nililitumia sana nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamili. Nilirudi chuoni nikiwa na mvi, baada ya kufundisha kompyuta kwa muda mrefu, na niliandika kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kuulizwa. Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini mmoja aliiweka miwani yake mezani akasema, "Madam, huyu mtumiaji unayemtaja kila ukurasa, umewahi kukutana naye?"

Nilimjibu kwa fasili yenye vipengele vitatu. Alivisikiliza vyote kwa adabu.

"Mimi nimeuliza kama mmekutana," akasema.

Chumba kizima kilicheka. Nilifaulu, lakini nilitoka pale nikilibeba swali lile.

Programu iliyonikutanisha na mtumiaji huyo, tuliyoitengeneza mimi na wenzangu wachache, iliitwa Nzia. Kwa Kikamba nzia ni njia, na kazi yake ni rahisi kuieleza. Mkulima wa vilima vya Mbooni mwenye matunda yaliyokomaa anabonyeza kitufe, mnunuzi aliye mjini Wote anaona, na mwendesha bodaboda anapanda mlima kuyachukua. Kabla ya hapo, matunda yalishushwa kwa migongo ya watu hadi barabarani, ambako broka alikuwa akingoja ndani ya pikapu, akijua fika kwamba hakuna mtu atakayelibeba gunia la parachichi kulirudisha juu. Bei aliitaja yeye, na aliitaja akitazama kwingine.

Kati ya wakulima wetu nitamtaja mmoja kwa kirefu, Mama Mwende. Huyu alikuwa ameacha kulima mahindi kwenye mteremko mmoja mzima, akapanda miche ya parachichi iliyobebeshwa, yaani iliyopandikizwa juu ya shina jingine, akaivumilia miaka ambayo haikumpa kitu, huku majirani wakimwuliza kama anakusudia kula majani. Mwaka ninaousimulia ndio miti ile ilipozaa kwa mara ya kwanza mzao wa maana. Nzia ikiwa wazi, matunda yake yangekwenda kwa mnunuzi aliyemchagua mwenyewe. Nzia ikifungwa, yangekwenda kwa broka. Hapakuwa na njia ya tatu, na yeye alilijua hilo kuliko sisi.

Mtaniuliza kwa nini tulichagua programu ya wavuti, ile inayofunguka ndani ya kivinjari, badala ya programu ya kupakua dukani. Fungueni simu ya mkulima yeyote mtazame. Imejaa video za kwaya, picha za harusi na sauti za mahubiri, na hatafuta hata moja ili kukupisha wewe. Programu ya wavuti haidai nafasi. Mtu anaifungua kama ukurasa, akiipenda anaiweka ikoni yake kwenye uso wa simu, na inaweza kumhifadhia kazi yake hata mtandao ukipotea, kisha ikaituma mtandao ukirudi. Kule Mbooni mtandao hupotea ukipita tu kona.

Ila aliyenifundisha kuipima programu hakuwa wa Mbooni. Aliitwa Abdi, mwenye duka la simu Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui, ambaye familia yake ilihamia pale kutoka upande wa Garissa ikifuata biashara ya mifugo. Nilimpelekea kazi yangu ya kwanza, programu ya bei za mbuzi, nikiwa nimeipima kwenye simu mpya, ndani ya ofisi, pazia zikiwa zimefungwa. Abdi aliichukua, akatoka nayo nje kwenye jua la Tseikuru.

"Mwalimu, iko wapi?"

"Iko hapo mbele yako."

"Naona uso wangu tu. Ni uso mzuri, lakini sijaja kununua huo."

Kisha alinipa simu ya baba yake, yenye kioo kilichopasuka na herufi zilizokuzwa hadi mwisho, kwa kuwa mzee macho yalikuwa yamechoka. Programu yangu niliyoichora kwa rula ilikuwa imegeuka ajali ya lori. Maneno yalipandana, vitufe vikasukumana nje ya skrini. Abdi alinifundisha mambo mawili ambayo nawapa bure. La kwanza, pima kazi yako kwenye simu ya mtu mwenyewe, mahali anapoitumia, na herufi anazozitumia. La pili, mwache mtu asome skrini kwa sauti mbele yako. Usimsaidie. Utakachokisikia ndicho ulichokiandika, hata kama sicho ulichokusudia.

Nililishika la kwanza. La pili nililiona ni la wauza duka.

Sasa nifike kwenye sheria, na msisinzie. Watu wa kazi yetu hudhani sheria ni jambo la mawakili, mpaka asubuhi moja kitufe chao kinaacha kufanya kazi. Kuna sheria zinazotungwa mbali, na zinatufikia. Wakati mmoja nchi za ng'ambo zilitunga sheria ya kuzibana kampuni kubwa za simu ili ziwaachie wengine nafasi. Kampuni moja ikajibu kwamba kwa sababu ya sheria hiyo, katika nchi zile, programu za wavuti zilizowekwa kwenye uso wa simu zitageuka kuwa viungo vya kawaida vya kufungulia kivinjari. Sheria iliyokusudiwa kutufungulia mlango ilikuwa karibu kutufungia dirisha. Nilisoma tangazo lile nikiwa Wote, nikaacha chai ikapoa. Haikutuhusu bado, na wakulima wetu wenye simu za aina hiyo walikuwa wachache mno, lakini nilijiuliza: ikitufikia, kazi za watu zilizohifadhiwa ndani ya simu zitakwenda wapi? Niliwaandikia wenzangu waraka mrefu wenye vichwa vya habari na vijisehemu. Kabla sijaumaliza, kampuni ilibadilisha nia na kuyaacha mambo kama yalivyokuwa. Wenzangu waliupa waraka ule jina la mazishi ya mtu aliye hai.

Somo lake lilibaki, hata hivyo: programu ya wavuti hukaa kwenye nyumba ya kupanga. Tengenezeni kila kitu mkijua kwamba mwenye nyumba anaweza kuhamisha ukuta, na kile ambacho mkulima hawezi kukipoteza kisikae ndani ya simu peke yake.

Sheria iliyotupata kweli haikutoka mbali. Ilikuwa ya hapa hapa nyumbani, ile ya kulinda data za watu. Inasema, kwa ufupi, kwamba ukitaka kuweka jina la mtu, namba yake na mahali anapoishi, umwambie ni ya nini, na aridhie yeye mwenyewe, kwa hiari yake. Ni sheria nzuri. Nilifurahi ilipokuja, maana nilipenda kitu chochote chenye vifungu. Tulimwomba wakili atuandikie masharti, akaandika kwa Kiswahili kilichonyooka, na chini kabisa akaweka kitufe: MTUMIAJI AKUBALI.

Kwenye simu yangu maneno hayo yalikaa sawasawa, kwenye mstari mmoja.

Wiki chache baadaye, parachichi za mapema zikiwa zimeanza kushuka, mwendesha bodaboda mmoja alinipigia simu akihema kama aliyebeba pikipiki badala ya kubebwa nayo.

"Madam, hii Nzia yenu imeingiwa na nini?"

"Kwani kuna nini?"

"Kila mzigo iko kwa Mzee Kilonzo! Napanda, nashuka, napanda tena. Nikifika, mzee ananiambia yeye ako na mti moja na imekauka. Jana alinipea maji. Leo amenipea kiti. Kesho naona atanipea mke."

Nilitazama kwenye kompyuta nikaona jambo ambalo sikuliamini. Karibu mlima mzima ulikuwa umeandikishwa kwa jina moja na namba moja. Kwa mujibu wa programu yetu, Mzee Kilonzo, mstaafu wa posta, alikuwa mkulima mkubwa kuliko wote wa parachichi katika Makueni.

Nilipanda Mbooni siku iliyofuata. Nilimkuta barazani kwake amevaa koti, mbele yake meza ndogo yenye chupa ya chai na miwani mbili, moja ya karibu na moja ya mbali. Wanawake wawili walikuwa wameketi kwenye benchi, kila mmoja ameshika simu yake kwa mikono miwili, kama walio kwenye foleni ya daktari. Mmoja wao alikuwa Mama Mwende.

"Mzee," nikasema baada ya salamu na baada ya chai, kwa sababu pale huwezi kuanza kabla ya chai, "ni kweli wewe ndiye unawabonyezea watu simu?"

"Sio kubonyeza. Nakubali. Kubonyeza hata kuku anaweza."

"Na ni nani alikupa kazi hiyo?"

"Wewe."

Aliichukua simu ya Mama Mwende, akanigeuzia skrini. Ilikuwa simu ndogo, herufi zake zimekuzwa. Kitufe chetu kilikuwa kimebanwa, na neno la wakili lilikuwa limekatika katikati. Mstari wa juu ulisema MTUMIA. Mstari wa chini ulisema JI AKUBALI.

"Soma hapo," akasema mzee.

"Inasema mtumiaji akubali."

"Soma vile imeandikwa, Madam. Usisome vile unataka."

Nikatii. "Mtumia. Ji akubali."

"Haya. Mutumia wa huu mlima ni nani?"

Kwa msiojua Kikamba, mutumia ni mzee wa heshima, mtu ambaye jambo haliamuliwi kabla hajaulizwa. Wakulima wetu walikuwa wamefungua simu, wakaona programu inataka mzee akubali, wakaona ni jambo la adabu, wakapeleka simu kwa mzee. Mimi ni Mkamba. Nimemwita baba yangu mzazi kwa neno hilo maisha yangu yote. Na bado, nilipolitazama kwenye kompyuta, niliona mtumiaji wa tasnifu tu.

"Na hiyo 'ji'?" nikauliza.

"Hiyo hata mimi ilinisumbua," Mzee Kilonzo akakiri. "Mwishowe nikaona ni heshima ya watu wa Nairobi. Kama vile kusema 'tafadhali'."

Baada ya kukubali, programu iliuliza jina, namba na mahali pa aliyekubali. Mzee, kwa kuwa hakuwa mtu wa kudanganya, aliandika vyake.

Wanangu, hapa ndipo ninapofikiri kuliko inavyopaswa. Kisheria, ridhaa zote zile zilikuwa bure, kwa sababu mtu haridhii kwa kidole cha mwingine. Lakini mzee alikuwa amewasomea wale wanawake masharti yote, mstari kwa mstari, kwa sauti, akayafasiri kwa Kikamba huku wakinywa chai. Nani kati yenu amewahi kusoma masharti ya programu hata moja hadi mwisho? Mimi ninayewaandikia sijawahi, na nilifundisha somo hilo. Nililigeuza jambo hili kichwani hadi Mama Mwende aliponiuliza kama naumwa.

"Kuna kitu moja tu nilikataa," mzee akaongeza.

"Kitu gani?"

"Vidakuzi. Imeandikwa hapa mnataka kuweka vidakuzi kwa simu. Nikawaambia hawa akina mama: tuko na nzi wa matunda, tuko na vidukari, tuko na fukusi. Sasa hawa wanatuletea vidakuzi. Nimekataa kwa niaba ya mlima wote."

Vidakuzi, kama mnavyojua nyinyi, ni vile vijikumbukumbu ambavyo tovuti huviacha kwenye simu. Nilijaribu kueleza. Mzee alinisikiliza hadi mwisho.

"Vinakula nini?" akauliza.

Hicho ndicho kilikuwa kicheko changu cha mwisho siku ile, kwa sababu nikiwa bado kwenye baraza lile nilipigiwa simu na afisa wa ofisi inayosimamia ulinzi wa data. Alikuwa akizikagua huduma zinazohifadhi mahali pa watu, na zamu yetu ilikuwa imefika. Sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililonitisha zaidi.

"Makaratasi nitayaona baadaye," alisema. "Nitakuja Mbooni niwaulize watu wenyewe kama walikubali. Nikikuta hawakukubali wenyewe, huduma itasimama mpaka mrekebishe na mkaguliwe upya."

Kukaguliwa upya kungemaliza msimu. Mama Mwende alikuwa amesikia kila neno, kwa kuwa simu yangu huongea kwa sauti kubwa kuliko mimi.

"Avokado zangu haziwezi kungoja makaratasi," akasema. "Zikiiva, zimeiva. Unajua nani anangoja hapo chini."

"Najua."

"Basi rekebisha, Madam. Usifikirie. Rekebisha."

Lilikuwa shauri zuri kuliko lolote nililopewa chuoni, na nililifuata kwa muda wa saa moja hivi. Nilifuta ridhaa zote za Mzee Kilonzo. Masharti ya wakili niliyapunguza hadi sentensi chache, nikayaweka kwa Kikamba na kwa Kiswahili, kila ombi likisimama peke yake: jina, namba, mahali lilipo shamba. Neno mtumiaji nililing'oa kabisa, kila mahali, nikaweka "wewe". Vitufe vikawa viwili tu: Ii na Aiee, yaani ndiyo na hapana kwa Kikamba. Maneno hayo ni mafupi kiasi kwamba hata mkuze herufi vipi, hayana pa kukatikia.

Kisha nikafanya alichoniambia Abdi, nikiwa nimechelewa sana kumwelewa. Nilipanda Mbooni, nikampa Mama Mwende simu yake, nikamwomba asome kwa sauti, nikafunga mdomo. Alikaa juu ya kreti iliyopinduliwa, katikati ya miti yake. Matawi yalikuwa yameinama kwa uzito.

Jina alilisoma, akabonyeza Ii. Namba, akabonyeza Ii. Kwenye mahali akainua kichwa.

"Hapa mnataka kujua shamba yangu iko wapi."

"Ndiyo. Ili bodaboda afike."

"Na nani mwingine anaona?"

"Mnunuzi."

"Na broka akinunua laini ingine, ajiite mnunuzi?"

Niseme ukweli, nilikuwa na majibu manne, yote ya kitaalamu, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kulitamka mbele ya miti ile.

"Ataona miti iko wapi," Mama Mwende akaendelea, taratibu, kama anayemweleza mtoto, "na ataona nimesema zimekomaa. Si ni kumwambia njoo uibe leo? Aiee."

Akabonyeza. Skrini ikaandika: Asante. Huwezi kuendelea.

Alinitazama. "Imenifukuza?"

"Imekufukuza."

"Si ulisomea hii kitu? Si ulisema ni kwa hiari yangu? Sasa hiari gani, nikikataa nafungiwa mlango?"

Alikuwa ametaja, bila kukusudia, kifungu kile kile nilichokuwa nakipenda. Ridhaa ambayo mtu hawezi kuikataa bila kuadhibiwa si ridhaa. Nilikuwa nimeinukuu sentensi hiyo kwenye semina, pamoja na slaidi yake. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeuweka mlango ule, kwa sababu nilipokuwa nachora programu sikuweza kuwaza safari ya bodaboda bila nukta kwenye ramani.

"Mama Mwende, bila mahali, atakupataje?"

Alinionea huruma. "Wanikute kwa kanisa. Hii njia ya hapa mpaka kanisa imenyooka, na toroli niko nayo. Kwani kila mtu anayekutafuta lazima aingie mpaka jikoni?"

Nilishuka mlima nikilitafuna neno hilo, na kwa mara hiyo moja kufikiri kwangu kulinisaidia. Tuliondoa ramani, tukaweka majina ya mahali ambapo kila mtu anapajua: kanisani, shuleni, kisimani, kwenye posho mill ya kusagia unga. Mkulima anachagua pa kukutania, na shamba lake linabaki kuwa jambo lake. Anayetaka kuonyesha shamba, yupo huru. Nanyi mnaoandika msimbo mtanielewa nikisema kwamba programu ilikuwa nyepesi baada ya hapo. Ilifunguka haraka, ikala bando kidogo, na betri za watu zikafika jioni. Tulikuwa tumebeba ramani ile kwa muda wote kama mtu anayekwenda sokoni na kabati.

Mzee Kilonzo hakuachishwa kazi. Wapo wasioona vizuri na wasiosoma, na aliwasomea wote kama kawaida, miwani ya karibu ikiwa usoni. Tofauti ni kwamba alipofika mwisho aliirudisha simu kwa mwenyewe.

"Kusoma ni kwangu," aliwaambia. "Kidole ni chako. Mimi sitaki tena kupigiwa simu ya avokado."

Afisa alikuja wiki ile ile parachichi za msimu wenyewe zilipokuwa tayari. Nilitarajia mtu mrefu mwenye mkoba. Alikuwa mama wa makamo, amevaa raba, na alikuwa amepanda mlima kwa miguu kwa kuwa aliogopa bodaboda. Tulimkaribisha uwanjani mwa kanisa, ambapo wakulima walikuwa wamekusanya kreti zao wakingoja kuchukuliwa. Mama Mwende alikuwa na kreti nyingi kuliko wote, amezipanga kwa mstari na kuzifunika kwa majani. Pikipiki zilikuwa zimesimama pembeni, hazikuwasha. Kila mtu pale alijua kwamba mgeni akisema simameni, kreti zile zinashuka kwa broka.

Afisa alizungusha macho, akamchagua Mama Mwende. Bila shaka alichagua kwa sababu ya kreti.

"Mama, unatumia hii huduma?"

"Natumia."

"Uliambiwa itaweka nini kukuhusu?"

"Jina na namba. Na walitaka shamba."

"Ukakubali?"

"Shamba? Aiee. Nilikataa."

Nilifunga macho. Nilikuwa nimepanga majibu ya maswali yote isipokuwa hilo, na kwa sekunde moja nilisahau kwamba nafasi ya kukataa ndiyo tuliyoijenga.

"Ulikataa," afisa akarudia. "Nani alibonyeza hapo pa kukataa?"

"Mimi. Na hiki kidole."

"Hakuna mtu alikwambia ukubali?"

"Huyu alisema nikubali." Akamwonyesha Mzee Kilonzo kwa kidole kile kile. "Alisema ni vizuri bodaboda wafike karibu. Nikamwambia mzee, wewe huna miti."

"Ni kweli sina," Mzee Kilonzo akasema.

Watu wakacheka, na afisa akacheka nao, ila hakuliacha swali lake. "Na baada ya kukataa, walikunyima huduma?"

"Siku ya kwanza ilinifukuza, nikamgombeza huyu Madam. Akaenda akarudi. Sasa wananikuta hapa. Unaona kreti zangu?"

Afisa aliwauliza na wengine. Mmoja alikuwa amekubali yote, kwa kuwa shamba lake liko kando ya barabara na kila mtu analiona. Mwingine alikubali jina akakataa mengine, kisha akabadilisha mawazo, na alitaka kujua kama anaweza kubadilisha tena. Alionyeshwa pa kubadilishia. Kwenye mahali lilipo shamba, karibu mlima wote ulikuwa umebonyeza Aiee.

Afisa alinigeukia. "Nimezunguka kaunti nyingi," akasema. "Kila ninapouliza, watu wananiambia walikubali. Nikiwauliza walikubali nini, wananitazama tu. Hapa ndipo pa kwanza mtu ameniambia alikataa, na anajua alichokikataa." Akafunga kalamu yake. "Endeleeni."

"Leo?" Mama Mwende akauliza.

"Leo. Sasa hivi."

Pikipiki zikawaka zote kwa pamoja, na kwa muda hakuna aliyesikia mwenzake. Mama Mwende alikuwa tayari ameshafunua majani, anamkemea mwendesha bodaboda asiyejua kwamba matunda si mawe ya ujenzi. Kreti ya kwanza ilifungwa, kisha ya pili. Mteremko ule uliomfanya achekwe ulikuwa unaondoka kanisani kwa pikipiki, ukielekea kwa mnunuzi aliyemchagua yeye.

Afisa alisimama akitazama, akiwa ameridhika kama mtu aliyeona kazi yake ikifanya kazi. Akatoa simu mfukoni, akaiinua ili ampige picha Mama Mwende kati ya kreti zake, ya kuweka kwenye ripoti.

Mama Mwende akainua mkono mbele ya uso.

"Hujaniuliza," akasema.

Afisa aliishusha simu, akapiga kicheko kilichowafanya hata waliokuwa wakifunga mizigo wageuke. Kisha akajinyoosha, akauliza kwa sauti ya kiserikali kabisa: "Mama, naomba kukupiga picha. Itakaa kwenye ripoti ya ofisi, wataiona wakubwa wangu peke yao. Unakubali?"

Mama Mwende alilifikiria jambo hilo. Alizitazama kreti, akaitazama leso yake iliyolegea na mikono yake yenye utomvu. Mlima wote ulingoja.

"Ii," akasema. "Lakini subiri kwanza nijifunge vizuri."